Nishani ya Mlango wa Nyuma

Nilimwambia Philbert kwa kinywa changu hiki: usimwalike mtu bila kuniuliza. Akanijibu, "Bi Siwema, wewe tulia. Mimi nimeshasimamia sherehe nyingi." Sherehe zenyewe ni ubatizo wa watoto wa dada zake huko Kihesa. Ningekuwa na akili timamu ningemnyang'anya kazi ile palepale, lakini nilikuwa na vitambaa vya meza vya kupiga pasi, na wanafunzi wangu walikuwa wanajifunza wimbo wa kukaribisha wageni kwa sauti ya watu wanaozika. Nikamwachia.

Chuo chetu cha wakunga na madresa kilikuwa ubavuni mwa hospitali, hapahapa Mbeya. Mimi nilifundisha usafi wa wodi, Philbert aliwafundisha hao madresa kufunga vidonda, na Tusajigwe alifundisha uzalishaji. Mkuu wetu alikuwa Dakta Merriman, Mwingereza mrefu, mpole, mwenye mawazo mazuri yaliyotuletea taabu kila mara. Mwaka ule wa hamsini na sita alipata wazo kwamba walimu Waafrika wa chuo nao watambuliwe. Mwalimu aliyefanya jambo kubwa kuliko wenzake angevishwa nishani mbele ya watu, Bwana Shauri wa wilaya akiwepo, na huyohuyo angepelekwa Iringa kupanga wodi mpya ya wazazi iliyokuwa ikijengwa kule. Nishani ilichongwa na sonara wa Iringa. Philbert aliifuata mwenyewe kwa basi, akarudi nayo imefungwa kwenye leso, anaionyesha kwa kila mtu kuanzia Igawa mpaka Iyunga.

Kuhusu nani apewe, hapakuwa na ubishi. Hata Philbert, aliyekuwa anaililia Iringa kwa sababu ni kwao, alikubali kuwa yeye ni wa pili. Wa kwanza ni Tusajigwe, kwa ajili ya mlango wake.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani wodi yetu ya wazazi ilikaa tupu. Vitanda vimetandikwa, maji yamechemshwa, mkunga amevaa aproni nyeupe, na wanawake wanajifungulia nyumbani. Wengine waliletwa kwenye machela wakiwa wamekwisha. Daktari alisema ni kutojua. Sista wa Kizungu aliyekuwapo wakati huo alisema ni woga wa uchawi. Mimi nilisema ni ukaidi tu, na ningependa kuwacharaza. Tusajigwe ndiye aliyekwenda milimani, akakaa nao jikoni, akawauliza.

Hospitali ilikuwa na geti moja na njia moja, na njia hiyo ilipita mbele ya baraza la wagonjwa wa nje. Pale barazani wazee walishinda wakingoja dawa ya kikohozi na kuota jua. Sasa kwao Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, halitaji jina lake, na akimsikia anakuja njiani anaingia porini mpaka mzee apite. Mwanamke ana uchungu, amejishika kiuno, halafu apite mbele ya safu ya wazee ambao mmoja ni mkwewe na wengine ni ndugu za mkwewe! Hawezi. Atageuza njia arudi nyumbani, liwalo na liwe.

Basi Tusajigwe akachukua jembe na wanafunzi wake, akalima njia nyingine kupitia nyuma, kwenye mikaratusi. Akambana fundi mpaka akatoboa mlango ukutani, nyuma ya wodi, akauzungushia ua wa matete. Ndani ya msimu mmoja vitanda vilijaa, ikabidi tutandike mikeka. Ripoti ilipokwenda Dar es Salaam ilisema, "Sista ameboresha huduma." Sista akapongezwa, akaenda likizo kwao, na mlango ukabaki bila mwenyewe. Ndiyo maana nilimsumbua Dakta Merriman kuhusu jina la Tusajigwe mpaka akawa akiniona anatafuta pa kujificha.

Siku yenyewe ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya inakata masikio. Tulifanyia sherehe katika darasa kubwa, mbele tumeinua jukwaa la mbao. Akina mama wa milimani walikuwa wamekuja wengi, wamejaa nusu ya chumba, watoto mgongoni. Niliingia nimeshika sinia la vikombe, nikatupa macho jukwaani. Pembeni ya Bwana Shauri alikuwa amekaa mzee mmoja nisiyemjua, mwembamba, amevaa koti la zamani na kujitanda blanketi. Mikono ilikuwa magotini, na macho yake yanatafuta mlango.

"Yule nani?" nilimuuliza Philbert.

Philbert alikuwa amevaa tai. Alitabasamu kama bwana harusi. "Dakta alisema kila mwalimu mzazi wake akae mbele. Mwalimu Tusajigwe baba yake mzazi ni marehemu. Nikasema haiwezekani, tena ndiye mwenye siku! Nikamfuata baba mkwe wake mpaka Tukuyu. Mzee Mwakasendo, yule pale."

Sinia nusura linidondoke. "Umemleta baba mkwe wake? Hapa? Umkalishe mbele?"

"Si ndiye baba aliyebaki?"

"Philbert! Mlango ule wa nyuma wewe unafikiri ulitobolewa wa nini?"

Alifikiri. Haki ya Mungu, alifikiri, nikaona anavyofikiri. "Si wa kupitisha hewa?" Halafu akaona uso wangu, akaanza kujitetea. "Bi Siwema, kwetu Uheheni baba mkwe hana neno. Taabu ni mama mkwe."

Na hapo nilikumbuka jinsi nilivyowahi kumkuta bwana huyuhuyu sokoni amechutama nyuma ya magunia ya viazi, jasho linamtoka, kwa sababu mama mzazi wa mke wake Evarista alikuwa anachagua maharage upande wa pili. Mtu anayejua kujificha kiasi kile! Lakini kila mmoja wetu anadhani aibu ya kwao ndiyo aibu, na ya wenzake ni mapambo. Nilimwachia sinia mikononi, nikaenda kumtafuta Tusajigwe.

Nilimkuta kwenye stoo nyuma ya darasa, amekaa juu ya kreti la sabuni. Sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Hakulia. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nimesikia anakohoa," alisema. "Nilikuwa naingia, nikasikia kikohozi, nikarudi. Dada Siwema, ni yeye?"

"Ni yeye. Philbert kamleta."

Akafumba macho. "Basi, imekwisha hiyo."

"Haijaisha kitu!" Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti. "Wewe ni mwalimu. Unawafundisha watu vidudu kwa darubini. Unapita hapo, hatua kumi, unavishwa, unarudi. Huna haja hata ya kumtazama."

"Hata mimi nimefikiria hivyo."

"Ee, sasa?"

"Wale mama wako wangapi mle ndani?"

"Wamejaa."

"Hao niliwaambia kwa mdomo wangu, njooni, hapa hakuna mtu atawavunjia heshima. Mimi mwenyewe ni mke wa watu kama nyinyi, naijua hiyo aibu. Wakaniamini. Leo wanione napita mbele ya mkwe wangu kwa ajili ya bati la kifuani? Kesho nani atapita kwenye ule mlango? Watasema kumbe alikuwa anatucheka."

 Nikasema lililonijia kwanza. "Na Iringa je? Usipotokea watampa wa pili. Philbert ndiye atapanga wodi ya wazazi! Philbert!"

"Ana watoto, atajua."

"Wakati watoto wake wanazaliwa yeye alikuwa yuko kilabuni! Ataweka geti moja na njia moja, na baraza mbele, tena atapanda maua. Wanawake wa kule wataendelea kufia majumbani."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Nilijisikia vibaya, lakini hasira haikuniisha. Nilimwacha pale nikarudi ndani kumtafuta Daktari.

Dakta Merriman alinisikiliza ameinama, mkono sikioni, wanafunzi wakiimba. Nilimweleza mara ya kwanza, nikamweleza mara ya pili polepole. Alinipiga bega kwa upole. "Siwema, mimi naheshimu mila sana. Lakini mwalimu Tusajigwe si mtu ya zamani. Yeye ni mwanamke ya kisasa. Leo ni siku nzuri kuacha mambo hii." Akaenda zake kuketi. Mambo hii! Mambo hii ndiyo yaliyomjazia wodi.

Nikaona afadhali nimwondoe mzee. Lakini kumbe mzee mwenyewe alikuwa anahangaika kuondoka kuliko nilivyotaka mimi. Aliinuka, akamnong'oneza Philbert kwamba anataka kutoka nje kidogo. Mambo ya mkwe hayasemwi mbele za watu, kwa hiyo hakusema zaidi. Philbert akamsindikiza mpaka chooni, akamngoja mlangoni, akamrudisha kitini kwa heshima zote. Mzee akainuka tena, akasema anasikia baridi, atakwenda kukaa juani. Philbert akamletea blanketi la pili. Nilimkonyeza Philbert mpaka kope zikaniuma. Yeye akanionyesha kidole gumba, maana yake kila kitu kinakwenda sawa.

Hotuba zikaisha. Dakta Merriman akafungua leso, akainua nishani watu waione, akasema kwa Kiswahili chake kwamba chuo kinamtambua mwalimu aliyewaleta akina mama hospitali. "Mwalimu Tusajigwe!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mlango wa stoo haukufunguka. Vigelegele vikafifia. Wale waliokaa mbele walikuwa wameshamtambua mzee Mwakasendo, nikawaona wanaambizana, na maneno yakapita safu kwa safu mpaka nyuma. Wote wakanyamaza.

"Mwalimu Tusajigwe?" Daktari alirudia.

Bwana Shauri alitazama saa yake. Dakta Merriman akainama wakazungumza Kiingereza, kisha akasimama wima na uso wa huzuni. "Kama mwenyewe hayupo, chuo itampa mwalimu ya pili. Bwana Philbert."

Namtendea haki Philbert: hakufurahi. Alisimama, akaangalia mlango wa stoo, akamwangalia mzee, na naapa niliona jambo likimwingia kichwani, limechelewa mno. Akabaki amesimama, mdomo wazi.

Ndipo mzee Mwakasendo alipoinuka. Safari hii hakumwomba mtu ruhusa. Alishika kiti chake, akakigeuza kikatazama ukuta, akakaa, akavuta mablanketi yote mawili juu ya kichwa mpaka hakuonekana hata nywele. Bwana Shauri akawa mwekundu. Daktari akaniangalia amefadhaika. "Siwema, mzee anakasirika? Hataki mwanamke kupewa?"

Basi, pale nilichoka. Nilichoka na Daktari na mila anazoziheshimu bila kuzijua, na Philbert na tai yake, na Tusajigwe na msimamo wake, na yule mzee chini ya mablanketi. Nilichoka na chumba kizima kinachojua kila kitu na hakisemi neno. Nilikuwa nimevaa kanga zangu mpya za sikukuu juu ya gauni. Niliivua ya juu, nikaenda mpaka mlango wa stoo, nikainyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, nikapiga kelele, "Nani anashika huku?"

Hakuna aliyenielewa isipokuwa wale waliotakiwa kunielewa. Mama mmoja wa safu ya kwanza, Rozalia, aliyejifungua mapacha kwa mikono ya Tusajigwe, alimpa jirani yake mtoto, akafungua kanga yake, akashika pindo la yangu. Akaja wa pili yake. Akaja mwingine na shuka la kubebea mtoto. Benchi zikaanza kulia, watu wanainuka, vitambaa vinapanda, na kabla Bwana Shauri hajauliza kuna nini kulikuwa na ukuta wa kanga kutoka stoo hadi jukwaani, unene wa vitambaa viwili. Karibu na jukwaa palibaki pengo, kanga zimekwisha. Philbert akavua koti lake akalishika hapo, amefumba macho ingawa hakuna aliyemwambia afumbe.

"Haya, pita!" nilisema kuelekea stoo. "Pita, mikono inauma!"

Alipita. Sisi wenyewe tulioshika hatukumwona, tulisikia viatu vyake tu kwenye sakafu. Akina mama waliinamisha nyuso alipompita kila mmoja, kama yeye ni bibi harusi. Dakta Merriman alisimama na nishani yake hajui aielekeze wapi, mpaka kanga yenye maua mekundu ilipofunguka kidogo na mkono ukatokea. Aliutazama ule mkono. Sijui alielewa kiasi gani, na sikumuuliza kamwe, lakini hakujaribu kufunua kitambaa. Aliweka nishani kiganjani, akaufunga mkono kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa. Vigelegele vilivyopigwa pale vilifanya watoto wote mgongoni walie kwa pamoja. Nami nililia, na nikakasirika kwa kulia.

Asubuhi yake nilipewa kazi ya kumsindikiza mzee kwenye basi la Tukuyu, kwa sababu Philbert alidai anaumwa tumbo.  Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, lakini tulipofika kituoni nilishindwa.

"Mzee, shikamoo tena, na unisamehe. Wewe ulijua mkweo ndiye mwenye sherehe. Ulijua hamuwezi kukaa chumba kimoja. Kwa nini ulikubali kuja?"

Hakukasirika. Aliweka mfuko wake chini. "Marahaba, mwanangu. Nilijua. Mimi nilisema nitakaa nje, pale ukutani, nisikilize. Nisikie wanavyomtaja, basi, nirudi. Huyu bwana wenu akanishika mkono."

"Ulitoka Tukuyu kuja kusikiliza ukutani?"

Alitazama watu wanaopakia ndizi juu ya basi. "Mama yake huyu kijana wangu, aliyemuoa mwalimu, alikufa na mimba ya pili. Dispensari ya misheni ilikuwa hapo chini tu, unaiona. Lakini njia ilikuwa moja, inapita uani kwa baba yangu. Siku hiyo baba alikuwa amekaa nje, anaota jua. Mke wangu akajificha kwenye migomba, akamngoja aingie ndani. Baba hakuingia. Hakujua kama kuna mtu anangoja."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikamkosa. 

"Sasa nishani yenyewe mimi sitaiona," alisema. "Haiwezi kuja mbele yangu, na yeye ataivaa. Wewe umeiona. Ikoje?"

Nikamweleza. Nilimwambia ni ya fedha, duara, inaenea kiganjani, ina utepe wa kijani. Kuna mama amechorwa amepakata mtoto, na sonara amemkosea pua. Alitaka nirudie habari ya yule mama, nikarudia. Utingo alikuwa ameshaanza kugonga bodi la basi.

"Na mlango?" aliuliza. "Mlango wameuweka?"

"Hapana, Mzee. Hawakuuweka."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika kama mimi. Aliokota mfuko wake, akaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

"Akienda huko Iringa," alisema, "mwambie aanze na mlango."